Mnyama Anapougua Usiku: Bima, Takaful au Mfuko wa Jirani?

(Matini ya mhadhara uliotolewa kwa waumini wa Lutindi, wilayani Korogwe, baada ya sala ya Alasiri)

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, vyenye kusema na visivyosema. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba zake na kila mwenye kufuata mwendo wao. Amma baad.



Nimetakiwa nizungumzie jambo ambalo huulizwa mara kwa mara nje ya mlango wa msikiti, viatu vikiwa mkononi, lakini ni nadra kupanda mimbarini. Nalo ni hili: je, yafaa kwa Mwislamu kumkatia bima ng'ombe wake, mbuzi wake, punda wake au mbwa anayemlindia shamba? Na ikiwa yafaa, je, bima hiyo ndiyo itakayomsaidia siku mnyama atakapoanguka, au kuna njia nyingine iliyo bora zaidi kwa mtu wa hali yetu hapa mlimani?

Wako watakaosema kuwa haya ni mambo ya dunia. Lakini Qur'ani imewataja wanyama wa kufugwa miongoni mwa neema kubwa, na ziko sura zilizoitwa kwa majina ya wanyama. Mtume (s.a.w.) alimpita ngamia ambaye tumbo lake lilikuwa limegandamana na mgongo kwa njaa, akawaamrisha watu wamche Allah kwa ajili ya wanyama hawa wasioweza kusema. Ametueleza pia habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya chakula, na habari ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Kwa hiyo matibabu ya mnyama uliyemfunga zizini ni wajibu ulio shingoni mwako. Umemfunga, hawezi kwenda kujitafutia dawa.

Sasa tutazame hali yetu ilivyo. Familia nyingi za hapa hazina kundi la mifugo. Zina ng'ombe mmoja wa maziwa, pengine wawili, kuku kadhaa na mbuzi wachache. Wengine ng'ombe huyo walimpata kwa utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, na mtamba wa kulipa bado hajazaliwa. Ng'ombe huyo ndiye ada ya shule, ndiye sukari na mafuta ya taa, ndiye mbolea ya migomba. Tajiri mwenye ng'ombe mia moja akifiwa na mmoja amepoteza moja katika mia. Mwenye mmoja akifiwa na mmoja amepoteza zizi zima.

Na maradhi hayapigi hodi mchana. Ndigana kali inayoletwa na kupe huanza na homa na kuvimba tezi chini ya sikio, na isipotibiwa mapema ng'ombe wa kigeni hufa katika muda wa wiki chache. Dawa yake ipo, lakini faida yake kubwa ni katika siku za mwanzo. Kufura tumbo hakungoji hata usiku upite. Ng'ombe aliyekwama kuzaa naye ni hivyo hivyo. Katika saa hizo, kinachoamua uhai wa mnyama ni kama fedha ya bwana mifugo na ya dawa ipo mkononi sasa hivi. Nawaomba mlikumbuke neno hili, sasa hivi, kwa kuwa ndilo linalotenganisha bima na mfuko wa dharura.

Kwa desturi, mtu wetu akikosa fedha hiyo hufanya moja ya mambo manne. La kwanza ni kungoja na kuomba dua. Dua ni ibada tukufu, lakini yule aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali aliamrishwa na Mtume (s.a.w.) amfunge, kisha atawakali. La pili ni kuchangishana. Wasambaa na Wazigua si watu wa kumwacha jirani, ila mchango huja baada ya siku tatu, nao huja kumpa pole mwenye ng'ombe aliyekwisha kufa. (Kwa kadi ya harusi tunachanga miezi mitatu kabla. Kwa ng'ombe anayelisha nyumba tunachanga baada ya mazishi.) La tatu ni kukimbilia mikopo ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu, nayo ni riba iliyo wazi isiyohitaji fatwa. La nne ni kumwita mchinjaji amuwahi mnyama kwa kisu kabla hajafa.

Hili la nne nataka nilikalie kidogo. Mnyama mgonjwa akichinjwa kisheria hali uhai umo ndani yake, nyama yake si mzoga. Lakini je, aliyekufa kwenye kona ya zizi saa nane za usiku, akapitishiwa kisu asubuhi ili mnunuzi asijue? Huo ni mzoga, na kuwauzia Waislamu ni khiyana. Tena yupo mnyama aliyedungwa sindano jana na juzi, nyama yake imejaa dawa. Na lipo jambo la kimeta. Ng'ombe aliyekufa ghafla, damu ikamtoka puani na isigande, hachunwi, hapasuliwi, wala haliwi, kwani kimeta huua watu. Ataarifiwe mtaalamu wa mifugo, kisha mzoga ufukiwe chini sana au uchomwe. Dhiki ya fedha ndiyo inayomfanya mtu mwema apike nyama ile. Mtu akiwa na njia nyingine ya kuokoa mali yake, hatajaribiwa.

Tuje kwenye bima yenyewe. Katika nchi za Ulaya na Marekani watu huwakatia bima hata mbwa na paka wa nyumbani. Inaelezwa kuwa Sweden ndiko mbwa wa kwanza alikokatiwa bima, mwaka 1924, baada ya farasi na mifugo kutangulia tangu mwaka 1890. Huko Marekani ilianza mwaka 1982, na mteja wa kwanza alikuwa mbwa wa kwenye televisheni. Bima hizo kwa kawaida hulipia matibabu: ajali peke yake kwa ada ndogo, au ajali pamoja na maradhi kwa ada kubwa zaidi. Mwenye mnyama hulipa kwanza hospitali, kisha hurejeshewa sehemu ya gharama baada ya kukatwa kiasi anachotakiwa kukibeba mwenyewe. Ugonjwa uliokuwapo kabla ya mkataba haulipiwi, na hupita siku kadhaa za kungoja kabla mkataba haujaanza kufanya kazi. Hata huko, asiye na fedha ya kutanguliza usiku ule hupata taabu na bima yake ikiwa mfukoni. Ndiyo maana Uingereza, licha ya bima zote hizo, wanalo shirika la hisani la PDSA lililoanzishwa mwaka 1917 na mama mmoja aitwaye Maria Dickin kwa ajili ya kutibu wanyama wa maskini.

Bima ya mifugo katika nchi yetu ni kitu kingine. Hii kwa kawaida hulipa mnyama anapokufa. Mwaka 2023 makampuni ya bima nchini yaliungana katika umoja wa bima ya kilimo, chini ya macho ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ili mkulima na mfugaji wafikiwe. Mfugaji hutakiwa mnyama wake avishwe hereni ya utambulisho sikioni, apimwe na daktari wa mifugo, na awe amechanjwa. Akifa, taarifa itolewe upesi na daktari athibitishe sababu ya kifo.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, msiende kumdai mtu kwa hesabu zangu. Tuseme ng'ombe ana thamani ya shilingi 2,000,000 na ada ni shilingi 5 kwa kila 100. Utalipa 100,000 kwa mwaka. Akifa, na mkataba ukisema sehemu ya kumi ya hasara ni yako, utapokea 1,800,000. Lakini akiugua ndigana, ukatumia 80,000 kumtibu akapona, kampuni haikupi hata senti. Na ukiikosa ile 80,000 akafa, huenda kampuni ikauliza kwa nini hukumtibu. Basi ona ajabu yake: kwa mkataba wa namna hii, asiye na fedha ya matibabu anaweza kuipoteza hata haki ya fidia. Na ukimchinja bila ya ruhusa ya daktari, mikataba mingi haitambui kifo hicho.

Tukiingia kwenye hukumu, hatuna budi kusema ukweli kwa ukamilifu. Mtume (s.a.w.) amekataza biashara ya gharar, yaani mauziano yaliyojaa kutojulikana. Katika bima ya biashara unalipa 100,000 yenye kujulikana kwa kitu ambacho huenda ukakipata au usikipate, na fedha yenyewe huwekezwa mahali penye riba. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Jeddah mwezi wa Desemba mwaka 1985 liliamua kuwa mkataba wa bima ya biashara ya ada maalumu ni haramu, na kwamba badala yake ni bima ya kusaidiana iliyojengwa juu ya kujitolea. Wanachuoni hawakuafikiana wote. Sheikh Mustafa al-Zarqa alikwisha kutetea bima tangu mkutano wa Damascus wa mwaka 1961, akaona kuwa haina kosa katika asili yake. Mimi naona kauli ya baraza ina hoja yenye nguvu zaidi. Lakini simwiti fasiki aliyefuata kauli ya mwanachuoni mkubwa, na sipendi kusikia vijana wakimshutumu mama mjane kwa sababu amemkatia ng'ombe wake bima.

Isitoshe, kuikataza bima bila ya kuonyesha mlango mwingine ni kumwacha mtu nje penye mvua. Mlango huo upo. Asili yake imo katika habari ya Waash'ari, watu wa Yemen, ambao chakula kilipowapungukia vitani au mjini walikusanya walichokuwa nacho katika nguo moja, wakagawana sawa kwa chombo kimoja. Mtume (s.a.w.) akawasifu kuwa wao ni wake na yeye ni wao. Hakuna aliyenunua na hakuna aliyeuza. Juu ya msingi wa kusaidiana namna hii wameijenga takaful: kila mmoja anatoa kwa nia ya kujitolea, fedha ni ya washiriki, msimamizi analipwa ujira wake, uwekezaji hauingii kwenye riba, na ziada inarudi kwa washiriki wenyewe. Sudan ilianza na kampuni yake mwaka 1979.

Kwa upande wa mifugo hatuna haja ya kwenda mbali. Wafugaji wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, waliletewa mwaka 2010 bima ambayo haihesabu mizoga. Setilaiti huangalia ukijani wa malisho kutoka angani, na ukame ukifika kiwango kilichokubaliwa watu hulipwa. Ilipotakiwa kufika Wajir, ambako karibu watu wote ni Waislamu, suala la gharar na riba likajitokeza. Ndipo mwaka 2013 kampuni ya Takaful Insurance of Africa ikaanza kutoa huduma hiyo kwa njia ya takaful, na malipo ya kwanza yakawafikia wafugaji mwaka 2014. Wafugaji wa Handeni wanaotegemea nyanda kavu wana la kujifunza huko, kwani ukame wa mwaka 2021 na 2022 uliwaua ng'ombe kwa maelfu katika wilaya ya Simanjiro, si mbali na wao. Ila kwetu mlimani dawa hiyo haitibu maradhi yetu. Setilaiti itaona Lutindi ni kijani kibichi, na itakuwa imesema kweli, huku ng'ombe wako amelala chini kwa ndigana.

Hapa nchini TIRA ilitoa mwongozo wa takaful mwaka 2022, na Shirika la Bima la Zanzibar limekwisha kuanzisha huduma ya takaful. Mwenye ng'ombe wa thamani na aanzie huko kuuliza kabla ya kwenda kwingine.

Lakini ulinzi wa kwanza, ndugu zangu, si huo. Kabla ya takaful na kabla ya mfuko ni chanjo na kuogesha. Tarehe 16 Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko Bariadi kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, ya miaka mitano. Mfugaji achangie shilingi 500 kwa ng'ombe na 300 kwa mbuzi au kondoo, na kuku wachanjwe bure. Shilingi 500 kwa ajili ya homa ya mapafu! Hakuna bima duniani yenye ada ndogo kama hiyo. Na hereni anayovishwa ng'ombe katika zoezi hilo ndiyo alama ambayo bima au takaful itakuja kuitaka. Nimewasikia wanaoficha mifugo porini siku ya chanjo kwa kuogopa kuhesabiwa. Wanajificha na nini? Chanjo ya ndigana kali nayo ipo. Ni ghali zaidi, lakini mnyama akichanjwa mara moja kinga yake hudumu.

Kisha ndio mfuko. Hili naliona ni la kwetu sisi wenyewe, halihitaji kampuni. Tuseme nyumba 40 zenye ng'ombe mmoja mmoja, kila nyumba ikatoa 1,000 kwa wiki. Kwa mwaka ni 2,080,000. Kwa matibabu ya 80,000, mfuko huo utatibu ng'ombe 26. Lakini ukiahidi kumlipa mtu ng'ombe aliyekufa, mfuko wote utamalizika kwa ng'ombe wa kwanza, na wa pili atapewa maneno. Basi mfuko wa jirani uwe wa kutibu tu. Umlipe bwana mifugo na duka la dawa, usimkabidhi mwanachama fedha taslimu. Kifo kiachiwe takaful, kwani yenyewe inakusanya watu wa mikoa mingi, na ugonjwa ukiingia Lutindi haujaingia Mtwara siku hiyo hiyo. Sisi wa kijiji kimoja huugua pamoja, kwa hiyo peke yetu hatuwezi kubebana katika kifo.

Nia ya kila mtoaji iwe ni tabarru', yaani kujitolea. Ambaye ng'ombe wake hakuugua mwaka mzima asirudi kudai chake, amshukuru Allah. Mfuko ukipungukiwa, mwenye nafasi aukopeshe kwa mkopo mwema usio na nyongeza. Daftari liwe wazi, watia saini wawe watatu, na mmoja wao awe mama, kwa sababu majumbani mwetu wakamuaji ni akina mama. Palipo na kituo cha kukusanyia maziwa, mchango ukatwe kwenye malipo ya maziwa kwa idhini ya mwenyewe, kwani fedha ikishafika nyumbani huwa na wenyewe wengi. Na atakayefiwa kabla hatujaifikia takaful asione haya kuja msikitini. Katika hadithi ya Qabisa, mmoja wa watatu walioruhusiwa kuomba ni yule ambaye mali yake imeangamizwa na balaa, mpaka apate cha kumsimamisha.

Imebaki habari ya mbwa, nami nitaifupisha. Sheria imemruhusu mbwa wa shamba, wa mifugo na wa kuwinda, na hapa kwetu bila ya mbwa, nguruwe pori na nyani hawakuachii hata bua la hindi. Usimtafutie bima. Mtafutie chanjo ya kichaa cha mbwa, kila mwaka. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukatika katika eneo lile. Mtoto wa jirani akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbizwe hospitali siku ile ile, kwa maana dalili za kichaa zikishaonekana karibu hakuna anayepona. Sindano za mtoto huyo ni ghali mara nyingi kuliko sindano ya mbwa, na mwenye mbwa ndiye anayestahiki kuzigharamia.

Atakayekwenda kwa wakala, wa bima au wa takaful, asitie saini kabla ya kusomewa mkataba kwa Kiswahili na kujibiwa haya: Mnalipa kifo tu au na matibabu? Maradhi gani yametolewa? Taarifa nitoe katika saa ngapi, na kwa simu ya nani, ikiwa ni usiku na barabara ya mlima imekatika kwa masika? Nikimchinja kwa shauri la bwana mifugo, mnanitambua? Sehemu ya hasara iliyo yangu ni kiasi gani? Fedha zetu mnaziwekeza wapi, na ziada ni ya nani? Ambaye hakujibu maswali mawili ya mwisho, jina la takaful juu ya karatasi yake halina maana.

Wenye kutaka kuanza mfuko wa hapa, daftari liko kwa katibu wa msikiti. Kila mmoja aandikishe jina, kitongoji, idadi ya wanyama na namba ya hereni kama ipo. Tutakutana Jumapili ijayo baada ya Adhuhuri kuchagua watia saini, na tumemwomba bwana mifugo wa kata awepo atutajie bei za dawa.

Wabillahit-tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.